Kifungo kwenye Kiatu cha Kulia

Kitabu chetu kilikuwa kimoja tu, na mhusika wake mkuu alikuwa nguruwe. Nasema hivyo mapema kwa sababu wakati ule nilikataa katakata kusema, na kila aliyeniuliza nilimwambia ni mtoto wa kiboko. Shule yangu, kama ghala la nyuma ya duka la vitambaa linaweza kuitwa shule, ilikuwa Buyenzi, mtaa wa Waislamu wa Bujumbura, na mimi mwenyewe ni Mwislamu, binti wa ukoo wa Waarabu waliofika hapa zamani, wakafungua maduka na kuoa hapahapa. Ningewezaje kuketi mbele ya watoto wa Buyenzi na kuwafundisha mambo mema kwa mfano wa nguruwe?

Kitabu kile alikileta ami yangu, mdogo wake baba, ndiye mwenye duka. Vita vilikuwa vimeshakolea. Wazungu wengi walikuwa wameondoka na vyombo vyao vikauzwa kwa mafungu: masufuria, taa za mezani, mapazia. Ami alinunua fungu moja kwa ajili ya mapazia, na alipoyakunjua kikadondoka kitabu. Alinitupia mapajani bila hata kukifungua.

"Chukua," akasema. "We ndio uko na watoto."

Kilikuwa kitabu cha picha, cha kuwasomea watoto wakati wa kulala. Maneno yake yalikuwa ya Kiflamani, lugha ya nusu ya Wabelgiji, na mimi pamoja na Kifaransa changu chote cha kwa masista sikuambulia hata neno. Lakini picha zilijieleza zenyewe. Mtoto wa nguruwe anaingia kutoka nje, anavua viatu vyake vyekundu na kuvipanga chini ya kitanda. Anaoga kwenye beseni. Anavaa nguo za kulalia, anafunga vifungo. Anamlaza mwanasesere wake kwanza, kisha anajilaza yeye. Mama anazima taa. Basi, kimekwisha. Nilikipenda siku hiyo hiyo, nguruwe na yote.

Ami alikuja kukiangalia vizuri siku watoto walipoanza kukizungumzia dukani mbele ya wateja.

"Hii si nguruwe?"

"Kiboko, Ami. Mutoto wa kiboko."

"Kiboko gani iko na mukia ya kujizungusha hivi?"

"Ingali mudogo."

Alinitazama, akakitazama kitabu, akanitazama tena. Kisha akachomoa kalamu yake ya dukani na kuunyoosha mkia ule, ukurasa baada ya ukurasa, kwa uangalifu wa mtu anayepima kitambaa cha bei. Alipomaliza alinirudishia kitabu na hatukulizungumzia jambo hilo tena. Watoto hawakuwa na shida yoyote. Viboko wanawajua, wale wa ziwani wanaopanda usiku hadi barabarani kula majani, na wao walichoshangaa ni viatu tu.

Nilikuwa na watoto wa miaka mitatu hadi sita. Wengine walikuwa wa Buyenzi penyewe, wengine wa mitaa ya kaskazini, Kinama na Gasenyi, ambao familia zao zilikimbia risasi na kuingia kwa yeyote aliyewafungulia. Makabila hatukuulizana. Asubuhi waliketi kwenye mikeka katikati ya marobota ya kitenge, nami nikafunga mlango wa kuelekea dukani ili Ami asitusikie, ingawa alitusikia kila kitu na alikuwa na maoni juu ya kila kitu.

Watu walinicheka. Mwalimu gani anafundisha kulala, tena saa nne asubuhi? Mimi sikupenda kuchekwa, sipendi hadi leo, kwa hiyo niliwajibu kwa ukali. Mjini kote usingizi ulikuwa umeharibika. Wazazi walilala na nguo zao za kutwa, furushi limewekwa mlangoni: vitambulisho, blanketi, sufuria moja. Watoto waliyaona hayo kila siku, wakajifunza kwamba kulala ni kungoja. Mimi nikaona niwafundishe upya, kwa mikono yao wenyewe, mchana kweupe, mahali ambapo hapana cha kuogopa.

Kwa hiyo kila ukurasa tuliufanyia kazi wiki nzima. Ukurasa wa beseni tulileta beseni kweli, tukamwogesha mwanasesere wa vitambaa, tukamimina maji kutoka kikombe hadi kikombe bila kumwaga. Walimwaga. Ukurasa wa nguo za kulalia, Ami alitoa mashati yenye kasoro, wakajifunza kufunga vifungo kuanzia chini, maana mtoto akianzia juu lazima kifungo kimoja kibaki bila tundu na kilio kianze. Ukurasa wa taa tulifunga madirisha ya mbao, ghala likawa giza, tukalala kwenye mikeka na kupumua pamoja polepole. Na kwa kuwa nilikuwa peke yangu, niliweka sheria moja tu, na waliiimba kila siku: ukimaliza yako, saidia jirani.

Mtoto mmoja aliketi daima karibu na mlango. Alikuwa msichana wa kama miaka mitano, wa Kinama, anayeishi na bibi yake katika chumba cha uani walichopewa na watu wema nyuma kidogo ya duka letu. Mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya wote. Alifunga vifungo vyake, akafunga vya jirani, akafunga hata vya yule mwanasesere ambaye hakuhitaji. Nilimpenda, na sijali kusema kwamba nilimpenda kuliko wengine.

Ila viatu hakuvua. Vilikuwa viatu vya plastiki vya buluu, vya kufunga kwa kamba pembeni, vikubwa kidogo, vilivyonunuliwa ili akue navyo. Wiki ya ukurasa wa kwanza, wenzake walivua na kuvipanga chini ya benchi tuliloliita kitanda. Yeye aliikunja miguu yake chini ya gauni na kutazama ukutani. Nikajisemea atavua kesho. Kesho hakuvua. Wiki ya beseni, tulipofika kwenye kuosha miguu, harufu ilinifikia kabla sijainama. Mnajua joto la Bujumbura. Plastiki usiku na mchana, mguu haupumui, na kati ya vidole, kupitia matundu ya plastiki, niliona palipokwisha kuchubuka na kuwa peupe.

"Tuvue kidogo, mama," nikamwambia. "Tuoshe tu."

"Apana."

Nilishika kamba ya kiatu. Akaniuma mkono, wala si kwa mchezo. Nilipiga yowe hadi Ami akaingia na fimbo yake ya kupimia vitambaa, tayari kupigana na jeshi zima, akakuta mtoto wa miaka mitano amejibanza nyuma ya robota na binti wa kaka yake anashika mkono na machozi yanamtoka.

Asubuhi iliyofuata bibi yake alikuja kabla sijamwita. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mwenye rozari shingoni na viatu vyeusi vya kiume vya plastiki vyenye ncha, vikubwa kuliko miguu yake. Hakuketi.

"Madamu, ni we unafundisha mutoto yangu kulala miguu matupu?"

"Tusalimiane kwanza, bibi."

"Salamu itangoja. Usiku mutoto analia. Anasema ile kiboko inalala bila viatu. Mi namuambia lala na viatu, anasema kiboko haifanyi vile. Namuambia basi vua, anapiga makelele. Sasa alale namna gani? Niambie. Alale namna gani?"

"Miguu yake inaoza, bibi. Umeiona?"

"Niliiona mbele we uione."

"Basi umuvue!"

"Simuvui."

Hapo hasira zikanipanda, maana mkono wangu ulikuwa bado na alama za meno. Nilisema maneno mengi. Nilisema juu ya usafi na hewa, na nikaongeza neno la Kifaransa la ugonjwa ule wa vidole, neno refu ambalo nilikuwa nimelisikia kwa daktari. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaketi kwenye mkeka, akaniashiria niketi karibu, akasema kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie.

"Siku tulitoka Kinama, tulitoka miguu matupu, mi na huyu mugongoni. Mama yake akatazama miguu ya mutoto. Akasema, kule tunaenda kuko mawe, kuko vioo, siwezi. Akarudi mu nyumba. Mi nikapita nyuma ya lupango, ile ukuta ya kuzunguka nyumba, nikangoja. Kiatu kimoja kikapita juu ya lupango. Kingine kikapita. Vikaanguka hapa, karibu yangu. Nikangoja na yeye apite." Akanyoosha kanga yake magotini. "Akakosa kupita."

Moyo uliniuma sana. Nilitamani nilirudishe kinywani lile neno la Kifaransa. Nilimshika mkono na tukakaa hivyo, huku watoto wakigombania vikombe nyuma yetu, na yule msichana akitutazama kutoka mlangoni, viatu vyake vya buluu vimebanwa pamoja.

Lakini vidole vyake vilikuwa bado vinaoza, na huruma yangu haikuvitibu. Hilo nililiona na bibi pia aliliona, kwa sababu hakusimama kuondoka. Nikamuuliza: "Tufanye nini, bibi? We unataka nini ndio alale miguu matupu?"

Alitazama kitabu kilichokuwa wazi juu ya benchi, kiboko wetu na mkia wake ulionyooka.

"Siku atavaa yeye mwenyewe," akasema, "mu giza, mbele mi nimalize kufungua mulango. Ile siku atavua. Mbele ya ile siku, apana."

Nikakubali papo hapo. Mtu akikupa nafasi namna hiyo unaidaka. Alipokwisha kuondoka ndipo nilipoanza kujiuliza nimejiingiza katika nini, kwa sababu mtoto wa miaka mitano hatofautishi kulia na kushoto hata mchana wa jua kali, sembuse gizani, sembuse kwa hofu.

Dawa yake ilitoka kwenye droo za Ami. Alikuwa na droo nzima ya vifungo vilivyokosa wenzao, kimoja cha njano, kimoja cha mbao, kimoja chenye nanga, ambavyo hakuna mteja angevinunua na ambavyo hata hivyo hakutaka kuvitupa. Nilichoma sindano nene kwenye makaa, nikatoboa kiatu cha mtoto wa kwanza, kile cha kulia, ubavu wa nje, nikashona kifungo. Wazo lilikuwa rahisi. Unapapasa. Kidole kikikutana na kifungo, hicho ni cha mguu wa kulia, na cha kulia ndicho tunachoanza nacho, kama tulivyofundishwa sisi Waislamu wote majumbani kwetu. Kilichobaki ni cha kushoto.

Kila mtoto alitaka kifungo. Nilishona kwenye viatu vya ngozi, kwenye raba, hata kwenye kamba za ndara. Ami alisimama mlangoni akilalamika kwamba namaliza mali yake, huku akichambua droo na kuniletea vizuri zaidi. Yule msichana wa Kinama alitazama yote akiwa mlangoni pake. Niliendelea na kazi yangu bila kumwita, na wanaonijua wanaelewa kwamba kukaa kimya kwangu ni kazi ngumu. Kilipobaki kifungo cha njano peke yake, alisogea.

"Madamu, na yangu?"

"Nitashona aje na mguu uko ndani? Nitakuchoma."

Alitazama viatu vya wenzake na vifungo vyao. Kisha akainama, akafungua kamba, akavua kiatu cha kulia na kunipa. Alisimama kwa mguu mmoja wakati wote niliposhona, amenishika gauni begani, macho hayabanduki kwenye kiatu. Sikuwahi kushona polepole namna ile. Katikati ya kazi niliomba chupa ya dawa ya zambarau, ile wanayopakwa watoto vidonda, nikaupaka mguu ule uliokuwa hewani, na yeye akaipenda rangi yake. Mguu mmoja wa zambarau na mwingine wa kawaida? Haiwezekani. Cha kushoto alikivua mwenyewe.

Tangu siku hiyo tuliongeza kazi kwenye kitabu. Nilifunga madirisha, nikawasimulia gizani, kwa kuwa picha tulishazijua kwa moyo: kiboko mdogo anavua viatu, anaviweka karibu na kichwa chake. Kwenye picha viko chini ya kitanda, lakini niliwaambia bibi yake kiboko ndiye aliyevihamisha, wakaona ni sawa. Tunalala. Tunapumua. Kisha inatoka ishara, na hapo kila mmoja anapapasa, anavaa, anafunga kamba, anasaidia jirani. Ishara ilinisumbua. Siku ya kwanza niligonga mlango, na watoto wawili wakaanza kulia. Nikaona ujinga wangu. Tangu hapo ishara ikawa kikohozi cha Ami. Alikohoa kutoka dukani, kikohozi kirefu cha mzee anayejua umuhimu wake, nao wakacheka wakivaa.

Bibi alikuja siku ya kujaribu. Alisimama kwenye mlango wa nje, mkono juu ya komeo, nikafunga madirisha. Ami akakohoa. Hatukuwa tumevuta hata pumzi, komeo likalia na mwanga wote wa asubuhi ukaingia. Mtoto alikuwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Bibi umefungua mbio!" watoto wakapiga kelele. "Ni wizi!"

"Vita inangojea?" akawauliza, akaenda zake.

Nilimkasirikia, tena sana. Lakini mtoto hakulia. Kwao alifanya mazoezi na kanga ya bibi imefungwa machoni, hayo nilielezwa baadaye, na shuleni aliendelea kuvaa na kuvua hadi nikaogopa kamba zitakatika. Bibi aliporudi, alisimama palepale mlangoni. Giza, kikohozi, komeo. Mwanga ulipoingia, mtoto alikuwa amesimama, viatu vyote viwili miguuni, kamba moja inaning'inia, kifungo cha njano kipo nje upande wa kulia. Bibi aliinama akakigusa kifungo kwa kidole gumba, akakisugua kidogo.

"Ego," akasema, ndiyo kwa Kirundi. Kisha akanigeukia. "Mumemuingiza mu Uislamu, Madamu, na mumeanzia kwa miguu."

Tulicheka wote, na Ami kule dukani alicheka hadi kikohozi kikawa cha kweli.

Usiku huo mtoto alilala miguu mitupu. Nilijua asubuhi kwa kumtazama tu, alikuja na uso uliolala. Vidole vyake vilipona polepole, zambarau ikageuka kahawia, kahawia ikawa ngozi mpya. Bibi akazoea kubaki nasi asubuhi, akimenya viazi vyake kwenye kona, akinikosoa. Siku moja nilipofika ukurasa wa mwisho aliinua kisu.

"Madamu, kiboko usiku halali. Usiku anakula majani."

Watoto wakanigeukia, wametahayari kwa niaba yangu. Ilibidi niamue papo hapo kwamba wanaokula majani ni wakubwa, na wadogo wanaachwa wamelala. Bibi alikubali kwa shingo upande. Nilizifurahia sana asubuhi zile. Nje mambo hayakuwa mazuri hata kidogo, sukari ilikuwa haipatikani na kila wiki tulisikia mtaa mwingine umehamwa, lakini ghalani kwetu kulikuwa na kazi ya kufanya na watu wa kuifanya.

Kisha usiku mmoja risasi zikafika Buyenzi penyewe. Mimi nilikuwa kwetu, avenyu nyingine, sakafuni na mama yangu, na yeye alisoma dua kwa sauti nami nilishindwa kuzifuata. Nilikuwa na wazo moja tu kichwani. Mtoto yule amelala miguu mitupu kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyemvua. Niliomba Mungu kwa maneno yangu mwenyewe, bila adabu yoyote, kwamba kidole chake kikipate kifungo.

Kulipopambazuka na watu walipoanza kutoka, nilikwenda mbio kwenye chumba chao cha uani. Mlango ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na mkeka na blanketi tu, wala hapakuwa na viatu. Nikakimbilia dukani. Ami alikuwa amekaa kizingitini, kanzu yake ina matope. Alikuwa amefungua lango usiku na uani kwake palijaa watu.

"Wako darasani," akasema kabla sijauliza.

Ghala lilikuwa na kiza kidogo, madirisha bado yamefungwa. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka wake, usingizi mzito, miguu mitupu, safi. Kichwani pake viatu vya buluu vimepangwa sawasawa, cha kulia kulia, cha kushoto kushoto, kifungo cha njano upande wa nje. Nilikaa chini kando ya mkeka. Nililia, na sikujificha.

Bibi alikuwa macho, ameegemea robota, miguu ameinyoosha mbele yake. Niliitazama miguu ile kwa muda kabla sijaelewa kuna nini. Ncha za viatu vyake vyeusi zilitazama nje, moja huku, nyingine kule. Alikuwa amevaa cha kulia mguu wa kushoto na cha kushoto mguu wa kulia.

"Bibi, viatu yako…"

"Nyamaza." Akatupa jicho kwa mtoto. "Najua."

Akanieleza kwa kunong'ona. Tangu siku mtoto alipoanza kuvua, yeye pia alivua. Angewezaje kulala na viatu, na mtoto hana? Usiku ule walisikia mlango wa jirani unavunjwa. Bibi alisimama, akashika komeo, na hapo mwili ukamgomea.

"Mukono iko juu ya komeo, Madamu, na haivuti. Nikaona ile lupango ya Kinama. Nikaona tu ile lupango. Huyu akanivuta kanga. Yeye alikuwa amemaliza zake. Akasema, 'Bibi, keti.' Nikaketi, mi muzee muzima. Akapapasa, akanivalisha mu giza, kimoja, halafu kingine. 'Ukimaliza yako, saidia jirani.' Vile munaimbaga. Halafu akafungua mulango, yeye."

"Na mumekimbia na viatu hivi? Haviumi?"

"Vinauma sana."

"Kwa nini hujageuza, bibi? Toka usiku?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto wa darasa lile. "Aamuke akute nimegeuza?"

Nilikwenda dukani, na Ami, ambaye alikuwa ametusikia kama kawaida yake, alikuwa tayari ameshavuta droo na kutoa kifungo kikubwa cheusi cha koti. Alikuwa amewasha na makaa. Nilirudi na kifungo mkononi na tukangoja, mimi na bibi, hadi mtoto alipojinyoosha na kufumbua macho.

"Viatu ya bibi haviko na kifungo," nikamwambia. "Tumushonee?"

Aliketi, akavaa vyake kwanza, cha kulia, cha kushoto. Kisha akatambaa hadi miguuni kwa bibi yake kuangalia kifungo kikae wapi. Nilifungua dirisha moja ili aone. Aliitazama miguu ile, akaigusa ncha ya kiatu kimoja, akagusa ya kingine, na macho yakamtoka.

"Bibi!" akasema. "Ulivaa vibaya!"

"Ee," bibi akajibu, na hakuniangalia. "Nilivaa vibaya. Kulikuwa giza."

Mtoto akatikisa kichwa, akamvua viatu, akavigeuza na kumvalisha upya taratibu, kimoja baada ya kingine, akimweleza jinsi inavyofanywa. Mimi nikaiweka sindano kwenye makaa.